Kitabu kibaki Moa, kamera ndiyo isafiri

Kamera ya kuskani hutumia dakika mbili kwa ukurasa mmoja. Kwa vitabu vya mkono vya pwani ya Tanga, mwendo huo wa polepole ndio unaofaa.

Vitabu vya mkono vya pwani yetu vimesafiri kuliko watu waliovirithi. Anayetaka kuiona nakala ya Utendi wa Tambuka iliyoandikwa mwaka 1728 hana budi kwenda Hamburg, Ujerumani. Hati za Kiswahili zilizokusanywa na William Taylor na William Hichens ziko katika chuo cha SOAS, London. Ernst Dammann, mchungaji wa Kijerumani aliyefanya kazi Tanga tangu 1933 hadi 1937, alikusanya hati za Kiswahili, na mwaka 1993 akachapisha katalogi ya hati zilizomo katika maktaba za Ujerumani. Hata zilizobaki nchini zilihama makwao: katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alikusanya hati za pwani kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikatoka mwaka 1970.

Watu hao wanastahili shukrani. Bila wao mengi yangeishia tumboni mwa mchwa. Lakini enzi zao kukiokoa kitabu kulikuwa ni kukiondoa. Mgeni aliondoka nacho, mwenye nyumba akabaki na kumbukumbu ya kwamba babu alikuwa na kitabu. Leo hakuna sababu ya kuendelea hivyo. Kitabu kinaweza kubaki pale kilipozaliwa, na kamera ndiyo ikafunga safari.

Nimeichagua Moa iwe mfano makusudi. Ni kata ya Wilaya ya Mkinga, kaskazini ya jiji la Tanga, karibu na mpaka wa Kenya: mikoko na bahari upande mmoja, barabara ya Tanga hadi Horohoro upande wa bara. Ni nchi ya Wadigo na Wasegeju, yenye madrasa na misikiti, na historia imepita hapa kwa miguu. Mwaka 1896 Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliposhindwa na Waingereza, alivuka mpaka na watu wake kuja upande wa Wajerumani. Januari 1915 mapigano ya Waingereza na Wajerumani huko Jasini yalikuwa jirani kabisa. Maisha ya mpakani huzaa karatasi: hati za mashamba, barua za biashara, stakabadhi za forodha, migao ya mirathi, ukiacha vitabu vya dini, vya falaki na vya dawa ambavyo walimu walivinakili kwa mkono wao.

Katika miji ya aina hii vitabu hukaa juu ya kabati, ndani ya kasha au ndani ya mfuko wa nailoni. Hewa ya chumvi inavijua, na wadudu pia. Swali si kama vinafaa kupigwa picha. Swali ni vipigwe vipi ili atakayesoma miaka mia ijayo aione nukta iliyowekwa na mwandishi, na asiichukue doa kuwa nukta.

Sanduku la zamani, moyo mpya

Kwa umbo, kamera ninayoizungumzia ni ileile waliyobeba wapiga picha wa enzi ya Wajerumani. Mbele kuna lenzi, katikati mfuko wa mikunjo usiopitisha mwanga, nyuma kioo chenye ukungu ambapo mpiga picha, akiwa amejifunika kitambaa cheusi, huiona picha kichwa chini miguu juu. Enzi zile, picha ikishakaa sawa, nyuma ya kamera kiliingizwa kioo chenye dawa. Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani, alipokuwa akifanya kazi Tanga, Dar es Salaam na kwenye medani za vita vya 1914 hadi 1918, hizo ndizo zilizokuwa kamera za wapiga picha wa kazi. Mkusanyo wake nao ulihama: leo umo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, na tangu Desemba 2008 sehemu yake inaonekana na kila mtu kwenye intaneti.

Kilichobadilika ni kile kinachoingizwa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhandisi wa California, Mike Collette, alitengeneza kisanduku cha elektroniki kinachoingia palepale palipokuwa pakiingia filamu ya inchi 4 kwa 5. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Better Light, na mwaka 1994 mpiga picha Stephen Johnson akaanza kuzunguka nacho katika hifadhi za taifa za Marekani akipiga mandhari.

Ndani ya kisanduku hicho hakuna kihisi kipana kama cha kamera za kawaida. Kuna ukanda mwembamba wenye mistari mitatu ya vihisi, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Mota ndogo huusogeza ukanda huo hatua kwa hatua kutoka ukingo mmoja wa picha hadi wa pili. Aliyewahi kuutazama mwanga ukitembea chini ya kioo cha mashine ya fotokopi ameshauona mwendo wenyewe. Tofauti ni kwamba hapa kinachotembea kiko ndani ya kamera, na kitabu hakilazwi kifudifudi wala kukandamizwa.

Hesabu yake ni rahisi. Mstari wenye vihisi 6,000 ukisimama mahali 8,000, picha huwa na pikseli milioni 48. Kila pikseli imesoma rangi zake tatu yenyewe, kwa hiyo faili hufika baiti milioni 144, na mara mbili ya hapo ukihifadhi rangi kwa kina cha juu. Kamera nyingi za kawaida, pamoja na za simu, hazifanyi hivyo. Humo kila pikseli husoma rangi moja tu, na mbili zilizobaki programu huzikadiria kwa kuangalia majirani. Utaratibu huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ukapata hataza mwaka 1976, na kwa picha za harusi unatosha sana.

Kwa hati ya herufi za Kiarabu, kukadiria ni hatari. Ba, ta, nuni na ya katikati ya neno zina umbo moja; zinazozitenganisha ni nukta. Waandishi wa Kiswahili waliongeza nukta zao ili kupata sauti ambazo Kiarabu hakina, kama p na ch. Mara nyingi vichwa vya habari na alama nyingine ziliandikwa kwa wino mwekundu pembeni mwa mweusi. Nukta moja nyekundu iliyofifia, yenye upana wa ncha ya kalamu, ndiyo inayoamua neno lisomwe vipi. Hapo ndipo rangi ya kweli katika kila pikseli inapolipa gharama yake.

Dakika mbili ndani ya picha moja

Tabia ya mashine hii ambayo anayeanza huchelewa kuielewa ni kwamba picha yake ina muda ndani yake. Ukiruhusu kila mstari kupokea mwanga kwa sehemu ya 60 ya sekunde, mistari 8,000 itakula sekunde 133, yaani dakika mbili na ushei. Ukingo wa kushoto wa ukurasa umepigwa mwanzo wa muda huo, na wa kulia mwishoni. Lolote litakalotokea kati ya hapo litaandikwa mahali pake.

Pikipiki ikipita nje na sakafu ikatetemeka, mstari wa maandishi utapata mkunjo mdogo, kama sentimita kadhaa kutoka ukingoni, kisha utanyooka tena. Feni ikiinua kona ya ukurasa, kona hiyo itatoka na ukungu wa nyekundu na buluu, kwa sababu rangi tatu hazikuikuta mahali pamoja. Wingu likipita mbele ya jua na dirisha limeachwa wazi, utepe wa giza utakata ukurasa toka juu hadi chini. Ndiyo maana kamera hii haifai kwa mtoto anayecheza wala kwa jahazi linalotweka tanga. Imeumbwa kwa vitu vilivyotulia: ramani, michoro, vitambaa, na karatasi.

Umeme wenyewe hujiandika. Umeme wa gridi nchini hubadilisha mwelekeo kwa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kung'amua. Kamera inang'amua. Mstari unaopokea mwanga kwa sehemu ya 60 ya sekunde hupata pepeso moja na theluthi mbili hivi, na unaofuata hupata kiasi tofauti, kwa hiyo picha nzima hujaa mistarimistari. Flashi nayo haina kazi hapa, kwani humulika mstari mmoja na kuacha 7,999 gizani.

Jawabu lake mahali kama Moa ni jepesi kuliko linavyoonekana. Tumia taa za LED zinazolishwa na betri moja kwa moja, bila kipunguza mwanga cha elektroniki. Umeme wa betri haupepesi, na mtu akiwasha pasi au pampu nyumba ya pili, volteji ya taa zako haitikisiki. Kamera na kompyuta nazo zipewe betri yao na inverta. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa, kazi inaendelea.

Kufunga mitambo

Anayetegemea kubonyeza tu atakata tamaa asubuhi ya kwanza. Kazi kubwa iko kwenye kuandaa.

Kwanza chumba. Kitafutwe cha chini, chenye sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ardhi. Sakafu ya mbao na vyumba vya ghorofani viachwe. Madirisha yafunikwe kwa kitambaa kizito, feni izimwe, na watu wakae mpaka ukanda ufike mwisho. Miezi ya kusi, upepo unapovuma mchana kutwa, asubuhi mapema ndiyo saa ya kazi. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi isifunguliwe papo hapo. Iachwe ndani ya begi lake mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa pwani utaganda juu ya lenzi na ndani ya kihisi.

Pili usawa. Kamera husimamishwa juu ya nguzo, ikitazama chini kwenye meza. Fundi ataanza na pima maji, lakini pima maji peke yake haitoshi, kwa sababu kinachotakiwa ni kamera na kitabu vilingane. Kuna njia ya zamani isiyo na gharama: weka kioo cha kujitazamia mahali kitabu kitakapolala, kisha angalia nyuma ya kamera. Utaiona lenzi ikijitazama. Sogeza kidogo kidogo mpaka duara la lenzi likae katikati kabisa ya kioo cha nyuma. Hapo kamera imelingana na meza, na herufi za pembe nne za ukurasa zitakuwa kali sawa na za katikati.

Tatu mwanga. Taa mbili, moja kila upande, kwa pembe ya digrii 45, umbali sawa. Weka ubao mweupe mtupu, uskani, na programu ipime wapi pana mwanga zaidi. Nyingi huweza kusawazisha tofauti ndogo zenyewe. Mbele ya lenzi kuwe na chujio la kuzuia infraredi, kwa kuwa vihisi hivi huona mwanga ambao jicho halioni, na bila chujio kitambaa cheusi kinaweza kutoka na wekundu.

Nne ukali wa picha. Tundu la lenzi liwekwe kwenye f/8 au f/11. Kulibana hadi f/32 kwa kudhani kutaongeza ukali ni kujidhulumu, maana mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika na kulegeza kila kitu. Fokasi hutafutwa kwanza kwa jicho na kikuza, kisha kwa programu: ukanda husimama mahali pamoja na kuonyesha namba inayopanda kadiri maandishi yanavyokuwa makali. Zungusha mpaka ipande, ianze kushuka, kisha rudi kwenye kilele.

Baada ya hapo inafanywa skani ya haraka ya majaribio, eneo linakatwa, na mwanga unapimwa kwa chati ya rangi yenye miraba 24 na rula iliyolazwa kando ya ukurasa. Weupe usifike mwisho kabisa wa kipimo, weusi usizame. Chati na rula hazikatwi baadaye. Ndizo shahidi wa rangi na ukubwa wa kitabu pale ambapo kitabu chenyewe hakipo.

Mbele ya kitabu

Sasa kitabu kinaletwa, na mwenye kitabu anakuja nacho. Kikiwa ni msahafu, mwenye udhu ndiye afungue kurasa, na mpiga picha abaki kwenye kompyuta yake. Huo ni utaratibu wa pwani, na unakubaliana kabisa na kanuni za maktaba, kwa sababu mikono iliyozoea kitabu ndiyo isiyokichana.

Kitabu kikongwe hakilazimishwi kulala wazi. Hupumzishwa juu ya mito ya sponji, kikafunguka kadiri uti wake unavyokubali, na upande mmoja tu ukapigwa kwa wakati. Tunaanza kulia, maana ndiko kitabu kinakoanzia, na namba za faili zifuate mwendo huohuo. Waandishi wengi walituachia msaada: chini ya ukurasa, pembeni, waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Anayepiga picha akilinganisha neno hilo na ukurasa ulio mbele yake atajua papo hapo kama karatasi imedondoka au imehamishwa.

Ukurasa wa A3 ukijaza picha ya pikseli 8,000, unapata zaidi ya pikseli 480 kwa inchi. Maktaba nyingi hutumia kati ya 300 na 400. Ukurasa wenye doa la maji au ukungu unaweza kupigwa mara ya pili kwa infraredi. Wino wa masizi hubaki mweusi humo, na madoa mengi hufifia, hata maneno yaliyozama yakainuka. Wino wa chuma hufanya kinyume: hufifia wenyewe. Jaribio hilo moja linaweza kumwambia mtafiti wino upi ulitumika bila kukwangua hata chembe.

Kitabu cha kurasa 200, ukihesabu kufungua, kutuliza na kukagua, ni kazi ya siku mbili hadi tatu, na faili zake hufika karibu gigabaiti 29. Ni polepole, na nasema polepole hiyo ina faida nyingine isiyo ya kiufundi. Katika dakika mbili za kila ukurasa mwenye kitabu huzungumza: nani alinakili, nani alisomeshwa nacho, jina lililo ukingoni ni la shangazi gani. Maneno hayo yaandikwe palepale. Kamera haiwezi kuyapiga.

Si lazima iwe mashine hii

Haki inadai niseme kwamba kamera za kuskani si mashine mpya tena. Tangu 2018 kampuni ya Phase One inatengeneza kamera ya megapikseli 150 inayopiga kwa mpigo mmoja. Kamera kadhaa za bei ya chini husogeza kihisi chao kwa hatua za pikseli moja na kupata rangi tatu za kweli kwa picha nne. Anayenunua kamera ya kuskani iliyotumika ahakikishe kwanza anayo kompyuta inayokubali programu yake.

Lakini nidhamu ya kamera hii ndiyo ninayotamani ifike Moa, kwa kuwa haiharibiki na mashine. Usawa kwa kioo, taa mbili zisizopepesa, chati na rula katika kila picha, kurasa kwa mpangilio, kitabu kisilazimishwe. Mwalimu wa madrasa mwenye kamera ya kawaida na stendi imara akifuata hayo atatoa kazi bora kuliko mtaalamu mwenye mashine ya mamilioni anayeharakisha.

Nakala ziwe kwa nani

Njia imeshapitwa na wengine. Lamu, vitabu vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za mfuko wa Arcadia. Sharti la mpango huo ni kwamba hati asilia haziondoki nchini mwake, na nakala hubaki kwa wenyeji pia. Picha za vitabu vya Riyadha zikawekwa kwenye intaneti, navyo vyenyewe viko Lamu.

Tanzania nayo inaujua uzito wa karatasi. Nyaraka za Kijerumani zilizo Dar es Salaam ziliingizwa katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 1997, na hati za Kiarabu za Zanzibar mwaka 2003. Tanga ina urithi wake: Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, na Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, ambaye kitabu chake cha mirathi kilichapishwa Nairobi mwaka 1923 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Waliokuwa wakinakili na kusomesha vijijini hawakupata mchapishaji. Kazi zao zipo kwenye makasha tu.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne kwa viongozi wa Mkinga, kwa makumbusho ya Urithi Tanga na kwa vyuo vyetu vikuu. Kwanza, iandikwe orodha ya vitabu nyumba kwa nyumba, kwa ridhaa ya wenyewe, bila kuchukua hata karatasi. Pili, ipatikane seti moja ya mitambo inayozunguka kutoka kata hadi kata, pamoja na vijana wa hapahapa waliofundishwa kuifunga na kuitumia. Tatu, kila kitabu kitoe nakala tatu: moja kwa familia, moja Tanga, moja katika nyaraka za taifa, zikiwa na maelezo yaleyale. Nne, familia iwe na neno la mwisho kuhusu kipi kionyeshwe hadharani na kipi kibaki cha ndani, maana si kila karatasi ya mirathi au ya dawa iliandikwa kwa macho ya watu wote.

Nawaomba pia wenye vitabu: msiuze. Mnunuzi akija na bei nzuri, mwambieni asubiri kamera. Akiwa anakitaka kwa ajili ya elimu, picha itamtosha. Akiwa anakitaka kwa ajili ya biashara, si mtu wa kukabidhiwa maandishi ya babu yenu.